Maktaba ya Chuo na Haki ya Mwananchi wa Mlimani

*Matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa kata za Lushoto kuhusu huduma zilizo karibu na wananchi*



Katika milima ya Usambara ardhi ni haba na watu ni wengi. Shamba la ukoo hugawanywa kwa watoto, kisha hugawanywa tena kwa wajukuu, hata ikafika siku ambapo mstari mmoja wa masale ndio unaotenganisha ndugu wawili. Bondeni, palipo na maji na udongo mweusi wa mboga, hatua tatu za ardhi zaweza kuwa ndizo ada ya shule ya mtoto. Ndiyo maana ugomvi wa mpaka, wa mirathi na wa mauzo ya shamba hauishi, na ndiyo maana neno "sheria" si neno la mjini peke yake. Ni neno la kila kitongoji, kuanzia Soni hadi Mtae.

Mazungumzo haya yanahusu nyumba moja ya vitabu iliyopo Lushoto, ambayo wananchi wengi huipita bila kujua kilichomo ndani yake: maktaba ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama.

Mkulima na kijitabu cha zamani

Chukueni mfano wa mkulima aliyemegewa shamba na jirani. Si mjinga wala si mvivu. Anajua kusoma, na anapenda kuhakikisha jambo kabla ya kulisema. Katika sanduku la marehemu baba yake kuna kijitabu cha sheria za ardhi. Anakifungua, anasoma kwamba Baraza la Kata linasikiliza shauri la ardhi na kulitolea uamuzi, naye anakwenda barazani akiwa na imani kamili. Anasubiri hukumu. Anarudi wiki ya pili na ya tatu, akiuliza hukumu itasomwa lini. Wakati huo jirani naye hakukaa bure: amepanda miti, amechimba msingi, na kila mwezi unaopita unamfanya aonekane zaidi kuwa mwenyeji wa pale.

Mkulima huyo alikosea wapi? Alisoma, lakini alisoma sheria iliyokwisha kubadilishwa. Mabaraza ya Kata yalipewa nguvu ya kuamua mashauri ya ardhi na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Namba 2 ya mwaka 2002. Mwaka 2021 Bunge liliibadilisha sheria hiyo. Tangu hapo kazi ya Baraza la Kata katika mgogoro wa ardhi ni kusuluhisha, wala si kuhukumu. Likishindwa kuwapatanisha wahusika, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na mwenye malalamiko huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kama siku 30 zimepita tangu shauri lifikishwe barazani bila ya suluhu, anaweza kwenda huko hata bila ya hati hiyo.

Siku 30 hizo ndizo ambazo mkulima wa mfano huu hakuzijua. Alikaa akingoja kitu ambacho baraza halina tena mamlaka ya kukitoa, na hakuna aliyemzuilia mlango wa kwenda mbele. Kijitabu cha baba yake kilikuwa cha kweli siku kilipopigwa chapa. Kosa lake lilikuwa kuuliza sheria inasema nini bila kuuliza kwanza ni sheria ya mwaka gani.

Chuo na vitabu vyake

Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilianzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1998. Kazi yake ni kufundisha sheria katika ngazi ya cheti na stashahada, na kuwapa mafunzo watumishi wa Mahakama walio kazini. Vijana wanaosoma hapo leo ndio makarani, mahakimu na mawakili wa kesho, katika wilaya hii na nyinginezo. Kwa hiyo vitabu vilivyomo katika maktaba ya chuo cha namna hiyo ni vitabu vile vile vinavyomwongoza hakimu anapoandika uamuzi. Mwananchi anayekaa upande wa pili wa meza ana haki ya kujua kwamba vitabu hivyo si siri. Sheria za nchi hutangazwa katika Gazeti la Serikali ili kila mtu azijue. Na kwa kuwa mahakama haimsamehe mtu kwa kusema hakuijua sheria, basi ni halali yake kupata mahali pa kuisoma.

Maktaba ya sheria ina mafungu manne makubwa. La kwanza ni sheria zenyewe zilizotungwa na Bunge, zikiwa zimepangwa kwa namba za Sura: Sheria ya Ardhi ni Sura ya 113, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Sura ya 114, na ile ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ni Sura ya 216. La pili ni kanuni na matangazo yatolewayo chini ya sheria hizo, pamoja na sheria ndogo za halmashauri. La tatu ni hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, zilizokusanywa katika majuzuu. La nne ni vitabu vya wataalamu vinavyoeleza sheria na kuifafanua.

Wananchi wengi hudhani kwamba fungu la kwanza ndilo lote. Lakini mara nyingi haki ya mtu mnyonge imo katika fungu la tatu, na mfano ufuatao unatosha kuonyesha jambo hilo.

Shamba la Holaria Pastory

Katika mkoa wa Kagera, mwanamke mmoja aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alikuwa mzee, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mwaka 1988 aliliuza shamba hilo kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hana uwezo wa kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, na shauri likapanda hadi Mahakama Kuu mjini Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Jaji alisema kwamba tangu Hati ya Haki ndani ya Katiba ianze kutumika, mila inayombagua mtu kwa sababu ya jinsia yake haiwezi kusimama. Kama mwanamume wa ukoo anaweza kuuza, mwanamke naye anaweza, kwa masharti yale yale. Wala hakuufuta ukoo: alimpa mpwa muda wa miezi sita, kwamba akitaka shamba libaki katika ukoo, alikomboe kwa kurudisha shilingi 300,000 zile zile. Hukumu hiyo ya mwaka 1990 ilisomwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika Mashariki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, nayo ikaja kutamka waziwazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo ni batili.

Sasa fikirini mjane aliyeko Mlalo au Shume, anayeambiwa na shemeji zake kwamba shamba alilolima kwa miaka 20 si lake kwa sababu yeye ni mgeni katika ukoo. Akisimama katika kikao cha ukoo na kusema "naonewa", hutazamwa kama mtu anayelalamika. Akisimama na nakala ya ukurasa wa sheria, wenye jina la sheria na mwaka wake, maneno yake hupata uzito mwingine. Ukurasa huo haumpi haki mpya, maana haki alikuwa nayo tangu zamani. Unamwezesha kuionyesha kwa wale wanaoikana.

Lugha na mwaka wa sheria

Kwa muda mrefu kikwazo kikubwa kilikuwa lugha. Mahakama za Mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini sheria nyingi na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, kiasi kwamba mtu angeweza kushinda au kushindwa bila kuelewa sababu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama katika utoaji wa haki. Kazi ya kuzitafsiri sheria zilizokuwepo haikuweza kumalizika siku moja. Kwa hiyo katika rafu za maktaba za sheria vitabu vya lugha zote mbili hukaa pamoja. Asiyejua Kiingereza asione haya kumwambia mkutubi kwamba anatafuta nakala ya Kiswahili.

Kikwazo cha pili ni mwaka, kile kile kilichomkwamisha mkulima wa kijitabu. Tarehe 1 Julai 2025 lilianza kutumika Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la mwaka 2023. Katika urekebu sheria hukusanywa upya pamoja na mabadiliko yake yote, na namba za baadhi ya vifungu husogea. Mtu aliyezoea kutaja kifungu fulani kwa namba ya zamani aweza kujikuta anataja jambo jingine kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kunakili kifungu chochote, msomaji na aangalie jalada na ukurasa wa mwanzo: toleo hili ni la mwaka gani? Kisha amuulize mkutubi: je, sheria hii imebadilishwa baada ya toleo hili?

Kuna hesabu nyingine za siku ambazo kila familia ingefaa iziandike ukutani. Anayedai kurudishiwa ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Anayenyamaza zaidi ya hapo hujiweka katika hatari ya kukuta mlango umefungwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, kama vile katika shauri la mirathi, ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya. Wapo waliokuwa na haki lakini wakaipoteza kwa sababu walifika wakiwa wamechelewa.

Funzo la matuta

Wazee wa Usambara wanalo kumbukumbu la sheria iliyokuja bila kueleweka. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, uliokuja kupanuliwa ukawa mpango wa Usambara nzima. Kila kaya iliamriwa kuchimba matuta mashambani, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Wananchi waliupinga mpango huo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ulivunjika. Si kwamba Washambaa hawakuipenda ardhi yao. Walikuwa wakiilima milima hiyo tangu enzi za Wakilindi wa Vugha, na walijua mteremko upi unahimili jembe. Walichokataa ni amri iliyotungwa mahali wasipopaona, ikaandikwa katika karatasi wasizozisoma, kisha ikawajia kama adhabu.

Leo sheria hutungwa na wawakilishi wanaochaguliwa, na sheria ndogo za halmashauri hupitishwa na madiwani. Hata hivyo, sheria nzuri isiyojulikana humfikia mwananchi kwa sura ile ile ya amri ya matuta: huijua siku anapotozwa faini. Maktaba ni mahali ambapo anaweza kuijua kabla ya siku hiyo.

Namna ya kuitumia huduma

Maktaba ya chuo huwekwa kwanza kwa ajili ya wanafunzi na walimu wake. Haifanani na Maktaba ya Mkoa iliyoko Tanga mjini, ambayo ni ya umma na iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Lakini kushuka Soni hadi Mombo, kisha kupita Korogwe na Muheza hadi Tanga, ni safari yenye gharama kwa mtu anayetafuta ukurasa mmoja. Kwa hiyo inafaa wananchi wajue adabu ya kubisha hodi katika maktaba ya jirani.

Kwanza, mgeni huingia kwa idhini ya chuo. Ni vyema afike na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, inayoeleza anatafuta nini. Pili, achague wakati ambao wanafunzi hawamo katika mitihani. Tatu, afike akiwa ameandika swali lake kwenye karatasi: jina la sheria kama analijua, au jambo lenyewe kwa maneno ya kawaida, kama vile "mpaka wa shamba" au "mirathi ya mke wa pili". Nne, vitabu vya rejea havitolewi nje. Hunakiliwa kwa mkono au kwa mashine, kwa utaratibu uliowekwa.

Tano, na hili ni muhimu kuliko yote, mkutubi si wakili. Kazi yake ni kumwonyesha msomaji kitabu kilipo na toleo lililo jipya. Hawezi kumwambia kama atashinda, wala haifai kulazimishwa afanye hivyo. Kwa ushauri wapo watoa huduma na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, ambao humhudumia bila malipo mtu asiye na uwezo. Kila mwaka pia, mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, Mahakama huadhimisha Wiki ya Sheria kwa kutoa elimu na ushauri kwa umma. Mwananchi aliyekwisha kusoma ukurasa unaomhusu hufika kwa mshauri akiwa na swali lililo wazi, na huhudumiwa upesi.

Vijana wenye simu za intaneti nao wana sehemu yao. Hukumu za mahakama za Tanzania na maandiko ya sheria husomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Kijana anayejua kuitafuta hukumu kwa jina au kwa mwaka anaweza kumsaidia bibi yake jioni moja, mradi akumbuke kanuni ile ile ya kuangalia tarehe.

Wajibu wa kata

Huduma hii haitakamilika kwa mwananchi mmoja mmoja kupanda kilima kwenda chuoni. Kila ofisi ya kata inaweza kuwa na rafu moja. Haihitaji vitabu vingi: Katiba, sheria mbili za ardhi, sheria ya migogoro ya ardhi, na sheria ndogo za halmashauri, kila kimoja kikiwa na karatasi iliyobandikwa jaladani inayotaja toleo na tarehe ya kukaguliwa. Mtendaji akipita maktabani mara moja kwa mwaka kuuliza ni ipi iliyobadilika, rafu hiyo itabaki hai. Kitabu kilichokwisha kupitwa kisitupwe, bali kiandikwe jaladani kwa wino mwekundu kwamba ni cha zamani, maana shauri la zamani huweza kuhitaji sheria ya wakati wake.

Vivyo hivyo mihtasari ya Mikutano Mikuu ya Vijiji na ya Mabaraza ya Kata na itunzwe mahali pakavu, mbali na unyevu wa ukungu wa milima hii. Muhtasari wa mkutano uliogawa ardhi waweza kuwa ushahidi pekee utakaobaki baada ya wazee waliokuwepo kuaga dunia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Historia ya nchi hii yenyewe ni ushahidi. Mambo mengi yanayojulikana kuhusu Mbegha, utawala wa Vugha na mashauri ya watemi wa Kilindi yalihifadhiwa kwa sababu Abdallah bin Hemedi aliketi akayaandika kwa Kiswahili katika *Habari za Wakilindi*, kitabu kilichotolewa upya mwaka 1962 na ambacho wanahistoria bado wanakirejea. Yaliyobaki midomoni mwa watu wa zama zile yamekwenda pamoja nao.

Ndugu wananchi, mkulima wa kijitabu cha zamani bado ana nafasi. Siku 30 zikiisha, anaweza kusimama, akachukua barua ya Mtendaji wake, akaingia maktabani, akasoma toleo la sasa, kisha akapeleka shauri lake panapostahili kabla miti ya jirani haijawa mikubwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na kwa wakazi wa Lushoto, mahali pa kuuliza pako karibu.